Kiarabu cha Shangazi Rukia

Unguja, 5 Julai 2024

Shangazi Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, Bibi goti tu linamsumbua. Joto la Doha likoje?

Ahsante kwa barua pepe tatu za Kiarabu. Chuo kimefungwa hadi Septemba, sina wa kuzungumza naye na maneno yananikimbia. Tukifungua kuna mtihani wa mdomo. Atakayeongoza atasoma Muscat mwaka mzima, na naitaka sana nafasi hiyo. Nipigie Ijumaa, tuzungumze Kiarabu nusu saa tu. Bibi ameshatangaza mtaani kuwa wewe, kwa miaka tisa huko, umewapita walimu wetu. Hivi huko huwa unazungumza na nani?

Mwanao, Saidi

Unguja, 20 Julai

Shangazi,

Salaam. Natumai u mzima. Ijumaa mbili zimepita na simu hupokei. Nimekukosea nini?

Saidi

Doha, 2 Agosti

Mwanangu Saidi,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, hukunikosea. Nimeona haya.

Barua zile aliandika Amna, Msudani ninayefua naye mashuka hapa hotelini Al Sadd. Miaka tisa nashinda chumba cha kufulia na Wanepali na Wakenya, tunaelewana kwa Kiingereza cha kuungaunga. Kiarabu changu ni salamu na dua. Bibi yako alipoanza kunisifu, sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Amna yuko tayari kuzungumza nawe kila Ijumaa. Mtihani wako usiharibike kwa ajili yangu.

Shangazi yako

Unguja, 4 Agosti

Shangazi,

Salaam nyingi, na kwa Amna pia. Nilicheka, kisha nikaona huruma. Nitazungumza naye, ila usiondoke kwenye simu. Akimaliza yeye, nitakufundisha wewe robo saa. Nikikueleza, nitajua kama mwenyewe nimeelewa.

Saidi

Doha, 27 Septemba

Mwanangu,

Salaam. Afya njema, mgongo tu. Bibi yako kanipigia analia: Muscat umepata. Nami nililia, Amna akanicheka.

Sasa sikia. Jana nilitumwa kupeleka taulo ghorofa ya nne. Alifungua mama mmoja wa Kiqatar, mtu mzima, anakohoa. Nikamuuliza kwa Kiarabu kama amepata dawa. Akanieleza, na nikaelewa karibu yote. Kisha akaniuliza, "Unaitwa nani?"

Miaka tisa, Saidi, hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza. Nikamtajia jina langu na la baba yangu.

Ukifika Muscat, nipigie Ijumaa. Somo letu bado.

Shangazi yako, Rukia