Kamba ya Nne

San Bartolo,
Jumatatu, 11 Agosti 2003.
Asubuhi ukungu mzito, kanisa halionekani kutoka mlangoni kwetu. Manyunyu tangu alfajiri. Nguo za Ijumaa bado mbichi kambani.

Kwa mdogo wangu mpendwa Crisanta,

Nakusalimu kwa moyo wote, pamoja na shemeji Gaudencio na mapacha. Habari za huko mjini Puebla? Kikohozi cha Julián kimekwisha? Mpake mafuta ya moto kifuani kabla hajalala, na dada yake asimwonee wakati anaumwa. Sisi huku hatujambo. Mama analalamika magoti, lakini bado anapanda mlima kupalilia kahawa, na akirudi anatusema sisi wenye magoti mazima. Ismael amejua kusoma, sasa anatusomea hata maandishi ya kwenye mfuko wa chumvi. Jacinta mkaidi kama wewe ulivyokuwa. Odilón yuko salama.

Utashangaa kupata barua wakati Alhamisi tumezungumza kwa simu. Lakini unaijua simu ya dukani kwa mama Chabela. Yeye huacha kupima sukari ili asikie vizuri, na mtu ukinyamaza kidogo anakuuliza, “Enhe, amesemaje?” Nililo nalo leo si la kumpa mama Chabela.

Habari kubwa ni kwamba tumepata mti mpya wa kurukia. Ule wa zamani ulioza chini, na mjomba Fidencio aliapa kwamba hatapandisha mtu tena mpaka ubadilishwe. Wanaume walikwenda msituni wakauchezea ngoma na kuuomba radhi kabla ya kuukata, kisha kijiji kizima tukauvuta hadi uwanja wa kanisa, hata mwalimu mkuu na viatu vyake vya ngozi. Jumamosi tuliusimamisha. Ni mrefu kuliko ule wa mwanzo. Umenyooka, na Odilón anasema ukiwa kileleni unaona mpaka barabara ya lami. Yeye na binamu zetu wawili wameshaujaribu. Inabaki kamba ya nne ya kujifunga kiunoni, ambayo ni yako, na sikukuu ni tarehe 24.

Sasa nikueleze hali yangu, kwa sababu kwenye simu huwa nasema “sijambo” halafu nauliza habari za watoto. Kizunguzungu hakijaniacha. Nilipomzaa Ismael kilikuwa kidogo tu, nikipanda gari la sokoni naomba kukaa mbele, basi. Baada ya Jacinta kimekuwa jambo jingine kabisa. Siwezi kulala kwenye machela. Siwezi kumsukuma mtoto kwenye bembea, hata nikiwa nimesimama mimi na anayekwenda na kurudi ni yeye. Juzi Ismael alizungusha pia yake sakafuni, nami nilipoitazama ikabidi nishike ukuta. Mtoto akasema, “Mama, inayozunguka ni pia, wewe unaanguka kwa nini?”

Nimeuliza kila mahali. Daktari msichana wa zahanati alisema wako wanawake wanaokuwa hivyo wakishazaa, kwamba huenda ni sikio la ndani, huenda ni damu na homoni, na kwamba kinaweza kuondoka chenyewe au kisiondoke. Alinipa vidonge, nikasinzia juu ya unga wa mahindi. Mkunga Nicolasa anasema kosa ni langu, nilitoka mapema kwenye kibanda cha mvuke baada ya kujifungua kwa kuwa kahawa ilikuwa inaiva. Mama mkwe anasema ni kwa sababu sikumsikiliza yeye, ila hakuna anayekumbuka alisema nini. Watoto ni wetu wote wawili, mimi na Odilón, lakini kizunguzungu ni changu peke yangu. Yeye anashuka mtini anataka kula.

Unaikumbuka sikukuu ile ya mwaka juzi. Wewe ulikuwa na tumbo la mapacha, umekaa kwenye ngazi za kanisa unakula mahindi ya kuchoma. Mimi nilikuwa nanyonyesha, na kila mtu aliniambia nisubiri. Sikusubiri. Niliruka kama zamani, kichwa chini, mikono wazi, kamba ikinizungusha mtini kuelekea chini, na mjomba juu kileleni na filimbi yake. Mzunguko wa kwanza nilifurahi. Wa pili kanisa likaanza kunifuata. Kufika wa tano sikujua tena mbingu iko upande gani, na chakula chote cha asubuhi kikatoka, kikaingia ndani ya tarumbeta kubwa ya mzee Evodio, aliyekuwa amefumba macho anapuliza. Nilikuwa bado na mizunguko minane. Hakuna mlango wa kutokea kule juu. Nilizunguka yote nikisikia watu wanavyopiga kelele chini, “Zenaida! Tumekutuma ukatuombee mvua, mbona umetuletea supu?” Mpaka leo sokoni wananiita Mama Mvua, na wingu likitokea muuza sahani anajifunika sahani kichwani nikipita. Nacheka nao. Nimejifunza kucheka.

Ndipo mwaka jana ukaja wewe. Mjomba alisema Crisanta ataishika kamba ya nne kwa mwaka mmoja tu, dada yake apone. Mapacha walikuwa na miezi kumi. Nilikaa chini na watoto wanne, wako wawili na wangu wawili, nikakutazama unapanda. Crisanta, nisikufiche, niliomba upate kizunguzungu. Sikuomba uanguke, hilo Mungu anajua. Niliomba tu ushuke umepauka, ushike tumbo, uniambie, “Dada, hata mimi.” Badala yake ulishuka ukakimbia, ukamchukua Julián, ukamzungusha hewani huku unacheka, kisha ukauliza kama tamali za unga wa mahindi zimebaki.

Tangu hapo kila kitu chako kinanichoma. Unakuja na basi kutoka Puebla, saa zote zile za kona za mlimani, na unashuka na ganda la yai mkononi. Umekula mayai ndani ya basi! Mimi nikisikia harufu ya yai kwenye gari lililosimama natafuta mfuko. Umezaa wawili kwa mpigo, na mwili wako umerudi kama mtu aliyevua tu sweta. Odilón naye akishuka mtini hunieleza jinsi Crisanta anavyofungua mikono, jinsi Crisanta anavyoshika mstari, kwamba kamba yako haiyumbi. Usinielewe vibaya, sijawashuku hata siku moja. Lakini mikono ile nilikufundisha mimi, juu ya ukuta wa zizi, ukiwa na miaka kumi na miwili na ukilia kwa woga. Hilo hakuna anayelisema.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Jumamosi, kabla ya mti kusimamishwa, tulikusanyika kwenye shimo. Chakula cha kuwekwa shimoni chini ya mti kilikuwa tayari, tamali na mchuzi wa pilipili nilivyopika mimi, pamoja na mishumaa na kuku hai. Mjomba akapitisha kile kikombe cha pombe ya miwa kama ilivyo desturi. Kila anayeruka, na kila anayeshika kamba au kupika, anamwaga kidogo shimoni na kusema kama ana kinyongo na mwenzake. Aliye nacho anakisema palepale, wanapatana, ndipo mti unaingia. Binamu mmoja alisema ana kinyongo na Odilón kwa ajili ya msumeno ambao haujarudi. Watu wakacheka, msumeno ukaenda kuletwa. Kikombe kikanifikia. Mjomba akaniuliza, “Zenaida, una neno na mtu yeyote?” Watu wote walikuwa wananitazama, na mzee Evodio yuko pale na tarumbeta yake. Nikamwaga, nikasema, “Sina.”

Mti ukaingia juu ya neno hilo.

Jana baada ya misa nilishindwa, nikamfuata mjomba nyumbani kwake. Nilimkuta anaziba filimbi yake kwa nta na amekasirika, kwa sababu tangu meno ya mbele yang'oke pumzi inampotea. Nilimwambia yote. Nilidhani atanilaani. Alisema, “Wivu? Mimi namwonea wivu Evodio miaka sita sasa, ana meno yote na anayatumia kupulizia lile bomba. Nimemwambia shimoni mbele ya watu, akanipa pole, akaonyesha meno. Wewe ulisema huna.” Kisha akasema hawezi kufukua mti, wala haina haja. Mwenye neno alipeleke kwa mwenyewe. Mpaka Crisanta ajibu, kamba ya nne haitafungwa. Akanifukuza, kwa kuwa nta ilikuwa inapoa.

Jana hiyohiyo jioni Odilón alisikia kwamba kamba haijafungwa. Sikumwambia sababu. Akiwa anakula alisema, “Kama Crisanta hataweza kuja, si unywe vile vidonge ujaribu wewe?” Alisema hivyo tu, kama mtu anayeomba chumvi. Mdogo wangu, moyo uliruka. Nikajiona juu. Na papo hapo nikaelewa kwamba naweza kuandika barua hii kwa namna ya kukuumiza usije. Nikuambie ukweli wote kwa maneno makali kidogo, wewe na hasira zako ubaki Puebla, nami niwe nimetii desturi na kupata kamba. Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa hivyo. Ilikuwa nzuri sana. Nimeitumia kuwashia moto wa chai.

Kwa hiyo hii ni ya pili, na ndani yake kuna jambo ambalo hata mjomba sijamwambia.

Mwaka jana uliniomba vazi langu la kurukia. Nikakwambia nondo wameila suruali na ukanda umeoza kwa unyevu. Ukaruka na suruali ya binamu yako, ya kiume, umeikunja kiunoni mara tatu na kuifunga kwa kamba ya mzigo, na kofia isiyo na kioo. Watu wakasema Crisanta ameruka vizuri hata na magunia. Nondo hawajaigusa suruali ile. Iko sandukuni na majani ya tumbaku kila mkunjo. Ukanda una shanga zake zote. Kofia ina kioo na utepe, na utepe mwekundu niliubadilisha mwezi wa nne mwaka huu, mwezi uleule nilipokwambia tena kwa simu, “Pole, mdogo wangu, ningekuwa nalo ningekupa.” Nimekuwa nikilivaa mchana watoto wakiwa shuleni na kwa mama mkwe. Nasimama katikati ya chumba nimevaa, sizunguki, nasimama tu.

Vazi hilo liko kwenye kifurushi anachokuletea dereva wa basi pamoja na barua hii. Nilitaka kukupanulia kiuno cha suruali, maana umezaa mapacha, kisha nikakumbuka kiuno chako nikaona wivu upya. Sikukipanua. Na leo mchana, mbele ya mama na Odilón, nimemwambia mjomba kwamba sitapanda tena, uje au usije, na kwamba ukikosekana waruke watatu. Mama akauliza kama naumwa. Mjomba alitikisa kichwa akasema, “Basi hilo ndilo ungelisema shimoni,” akaondoka.

Kwa hiyo hakuna tena nitakachopata mimi ukikataa kuja. Kama una hasira, na una haki nazo, njoo nazo hapa. Nigombeze jikoni, nivute nywele kama zamani, mbele ya mama ukitaka. Ila usipande nazo mtini. Zimalize chini na mimi, kisha uvae, mjomba afunge kamba, upande. Mimi nitashika watoto wote wanne na nitakutazama mizunguko yote kumi na mitatu, hata nikishikwa na kichefuchefu kwa kutazama tu. Nijibu haraka. Tuma neno kwa dereva, usipige dukani.

Nisalimie sana shemeji, umwambie mikate yake tunaikumbuka. Wabusu mapacha paji la uso. Mama anasema ulete dawa ya magoti, ile ya kopo la kijani. Ismael anakusalimu kwa mwandiko wake nyuma ya karatasi, amelikosea jina lako lakini nimemwacha. Mungu akulinde barabarani na kwenye kona zote, hata zile usizozisikia.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Zenaida

Jumanne asubuhi, dereva anapiga honi. Sikutaka kukutumia barua bila kukwambia hili. Nimeamka na wivu bado upo, nisikudanganye tena, lakini jana haukunikeshesha kama usiku wa Jumamosi na wa Jumapili. Nililala kwa muda wa saa nne na nusu.