Bakshishi Imelipwa, Mkono Sijauona

Bwana Mshauri mpendwa, shikamoo. Leo ninakuletea shida, ingawa ujue mimi si mtu wa kuwapelekea watu shida, kwa kawaida watu ndio huniletea mimi, hasa zile za kubeba. Jina langu Stambuli wa Bigwa, na kama hujapata kulisikia basi hujafika Morogoro, au ulipita ndani ya gari la moshi umesinzia. Mimi nashika mti wa mbele wa machela. Wadachi wanaokuja kupanda milima ya Uluguru kula hewa ya baridi hushukia hoteli ile ya karibu na stesheni, asubuhi wanalala ndani ya machela kama mtoto kwenye mbeleko, na sisi wanne tunawapandisha, mimi na Salehe mbele, Gabrieli na Petro nyuma.

Mti wa mbele haupewi kila mwenye bega. Wa mbele ndiye macho ya wenzake, ndiye wa kusema jiwe likiwa jiwe na utelezi ukiwa utelezi, tena ndiye mwimbishaji. Nikiimba mimi, wa nyuma husahau kuwa wamebeba. Petro naye huimba, sitamnyima haki yake, ila ukimsikia utadhani kuna mtu anafungua mlango wa ghala. Na shule nimesoma, shule ya boma, nikajua kusoma na kuandika na kujumlisha, tulipofika kwenye kutoa nikaona hayo hayanihusu, mimi ni mtu wa kuongezea, nikaacha.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja wa Kidachi, ametoka Ulaya kwa meli kubwa, wala si meli ya mizigo wala ya askari, ni meli ya kutembeza watu, wanalipa wapelekwe bandari hii na bandari ile wakaone tu, kisha warudi kwao walikotoka. Sikuamini, lakini mkalimani wetu Alois, kijana wa misheni, aliniapia. Jina la huyo bibi halitamkiki, tukamwita Bibi Mwavuli, maana mwavuli wake hakuufunga hata ndani ya msitu, mahali ambapo jua lenyewe huomba njia.

Asubuhi ya kuondoka nyapara wetu Abasi alitugawia posho, na juu ya posho kila mtu akampa nguo mpya ya marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, yenye pindo jekundu, akasema, "Vaeni hizi, ni za safari ya Bibi." Bwana Mshauri, laiti ungeniona. Nguo imekaa begani kana kwamba ilifumwa ikiniwaza mimi. Tulipopita Bigwa watu waliacha chai zao wakatoka nje, na mama yangu Bi Pili akasema nimekuwa kama bwana harusi aliyekosea njia.

Tukapanda. Mvua ilitukuta kwenye mteremko wa udongo mwekundu, pale ambapo hata mbuzi hupita wakisoma dua, mguu wangu ukaenda, goti likagonga mwamba, damu ikatoka, na machela haikuinama hata kidogo. Bibi alikuwa amelala humo ndani na hakuamka. Muulize Salehe, au muulize Petro, maana adui akikusifu ndiyo sifa. Tukamfikisha juu, akakaa siku zake, akachora maua kwenye karatasi, akala kabichi za watu wa huko, akafurahi, tukamshusha.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Sisi wabeba machela tuna desturi yetu, tuliikuta kwa waliotutangulia. Mkirudi, mkifika kijito cha mwisho kabla ya Bigwa, machela inatuliwa chini polepole, mgeni anatoka, mwimbishaji anamwimbia wimbo wake mwenyewe, uliotungwa kwa ajili yake huko njiani, na mgeni anawapa bakshishi kwa mkono wake, mmoja mmoja, akiwatazama usoni. Iwe kubwa iwe ndogo, si neno, tulishapewa hata vifungo vya koti tukashukuru, ila mkono lazima uonekane. Ukishapewa pale kijitoni, unaingia Bigwa umeinua kichwa, na watu wanauliza, mgeni amesemaje, nawe una la kujibu.

Basi nikamtua Bibi Mwavuli kama yai, nikasafisha koo, nikaimba:

Bibi Mwavuli kapanda, mlima ukainama,
Kashuka Bibi Mwavuli, mlima ukasimama.

Wenzangu wakaitikia mpaka ndege wakanyamaza. Bibi akapiga makofi, akacheka, akasema maneno mengi kwa Alois, ndani yake nikalidaka neno moja, trinkigeli.

"Anasemaje?" nikauliza.

Alois akakuna shingo. "Anasema mmeimba vizuri mno. Na anasema fedha yenu ya pombe alikwisha kuilipa hotelini, kabla hatujaondoka."

"Fedha ya nini?"

"Ya pombe. Ndilo neno lao, ndugu yangu. Trinki ni kunywa, geli ni fedha. Anasema hata kule melini alilipa namna hiyo, yote mara moja, ili asihangaike kila mlango."

"Mwambie babu yangu alikuwa mwadhini."

"Hilo siwezi kumwambia."

"Kwa nini?"

"Sijui mwadhini kwa Kidachi."

Gabrieli, ambaye ni Mkristo na kibuyu cha pombe hakikimbii, akasema kutoka nyuma, "Mimi ningependa kujua hiyo pombe yenyewe iko wapi." Watu waliokuwa wakifua kijitoni wakacheka. Wamecheka, Bwana Mshauri, mbele yangu, na nguo yangu mpya begani. Nikaona moto. Nikasema, "Alois, mwambie Bibi, aliyeinywa hiyo pombe ndiye aje ambebe." Nikainua mti, Salehe akainua kwa kuwa nimeinua, wa nyuma wakainua kwa kuwa tumeinua, tukaondoka na machela tupu. Bibi Mwavuli akaja mjini kwa miguu yake, na viatu vyake vyenye visigino, Alois nyuma amembebea mkoba. Bigwa nzima ilisimama kando ya njia. Mpaka leo watoto wakiniona wanafungua miavuli ya majani ya migomba.

Vijana wenzangu wananiita Simba wa Machela, na sijawakataza. Lakini nyapara Abasi aliniita uani kwake.

"Boma unajua liko wapi?" akaniuliza.

"Nalijua, nimesoma pale."

"Basi ujue na kiboko kinakaa chumba gani. Bahati yako Bibi hakushtaki. Amekwenda Kilosa kwa gari la moshi, akirudi mwisho wa mwezi atapanda tena, na anawataka watu wale wale. Anamtaka hasa yule mwimbaji. Lakini bwana wa hoteli amesema utatangulia kumwomba radhi. Usipomwomba, mti wa mbele ni wa Petro."

Mama yangu naye anasema, "Simba gani huyo anayeogopa neno samahani?" Sasa nimekwama. Nikiomba radhi, nimekiri mbele ya Morogoro yote kwamba mimi ni mtu wa kupewa fedha ya pombe, nami sijaigusa pombe hata kwa kidole, na bakshishi yenyewe sijaiona ya pombe wala ya maji. Nisipoomba, Petro atashika mti wangu, ataimba kwa ile sauti yake, na mlima hautanisamehe. Nijibu mapema, kabla gari la Kilosa halijarudi, na uniambie kwamba nilifanya vema, maana nahisi hivyo sana.

Ni mimi,
Stambuli wa Bigwa, mti wa mbele

*

Marahaba, Stambuli. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kazi na ya pili kwa kucheka. Goti lako lipone. Kuteleza na mzigo wa mtu aliyelala, naye asiamke, hiyo ni kazi ya mwanamume, na kama wenzako wanakupa mti wa mbele kwa sababu hiyo, wana haki. Sasa kaa chini, maana sifa zimekwisha.

Ulipohitimu Kurani chuoni, bila shaka baba yako alimpa mwalimu kilemba. Je, alimpa kitambaa cha kichwani? Ninavyojua, watu wa kwenu hutoa mbuzi, na mbuzi hafungwi kichwani. Lakini jina lake kilemba, na mwalimu hakusema ametukanwa. Wadachi nao bakshishi wameipa jina la kinywaji, na wanampa kwa jina hilo hilo anayekunywa maji na asiyekunywa kitu. Bibi hakukuita mlevi. Alois alilitafsiri neno akaiacha maana njiani, na wewe, uliyeacha shule kwenye kutoa, ukaongezea yaliyobaki.

Tena unasema bakshishi hujaiona. Kijana, irudie barua yako mwenyewe. Asubuhi ya safari, juu ya posho, nyapara alikupa nguo mpya ya marekani yenye pindo jekundu, akasema ni ya safari ya Bibi. Tangu lini hoteli ikawavika wachukuzi? Ilikwisha kuwavika mara ngapi kabla ya Bibi Mwavuli? Nenda kamuulize Abasi, usiniamini mimi ambaye sikuwapo. Lakini nitashangaa sana asipokujibu kwamba zilinunuliwa kwa fedha ya Bibi. Ulisimama kijitoni ukidai bakshishi, nawe umeivaa. Ukamwacha mama wa watu atembee kwa miguu, nawe umeivaa. Bigwa walikutazama ukipita na machela tupu, nawe, Simba, umeivaa.

Basi je, huna haki yoyote? Unayo moja, na hiyo nitaisimamia hata mbele ya bwana wa hoteli. Sisi katika lugha yetu malipo ya namna hii tunayaita kiinua mgongo. Mgongo huinuliwa baada ya kuinama. Kitu kilicholipwa kabla mtu hajainama, hotelini, kwa mkono wa mwingine, bila neno, kinaweza kuwa kizuri, kikawa na pindo jekundu, lakini hakijainua kitu. Ndiyo maana ulikipata usikijue. Bibi kazoea meli, na huko, kwa jinsi Alois alivyokueleza, kulipa mapema ni adabu. Hapa tunatazamana usoni. Hajui, kwa sababu hakuna aliyemwambia, na wewe uliyekuwa na nafasi ya kumwambia uliondoka na machela yake.

Kwa hiyo utafanya hivi. Utakwenda kuomba radhi kabla ya safari, na utaomba kwa jambo moja tu, kwamba ulimwacha njiani mtu uliyepokea kumbeba. Aliyepokea mzigo hotelini hurudisha mzigo hotelini, hata akitukanwa kweli. Radhi ya namna hiyo haimpunguzi mtu. Anayeshindwa kuitoa ndiye mwenye bega dogo. Neno la pombe usilitaje kabisa.

Ukishaomba, mwambie kwa kinywa cha Alois, polepole, mbele ya Abasi, kwamba huku kwetu mgeni hutoa mwishoni, kijitoni, kwa mkono wake. Alois asitafsiri neno kwa neno, aeleze. Na aulize misheni mwadhini ni nani kwa Kidachi, siku moja atalihitaji. Abasi naye mwambie, kwa heshima maana ni mkubwa wako, kwamba kitu cha mgeni akikigawa ataje kilikotoka, watu wapate kushukuru mahali panapopasa. Petro mwache aitikie kwa sauti yake yote. Mlango wa ghala nao hufunguliwa.

Kisha mpandishe Bibi wako. Siku hiyo uvae ile ile nguo ya pindo jekundu, mwombe Bi Pili akusaidie kuifua damu ya goti kama ingalipo. Mkirudi kijitoni mtue kama ulivyomtua, mwimbie wimbo wake, ni wimbo mzuri, nami nimekuwa nikiuimba hapa tangu jana. Ukimaliza, mikono yako iweke nyuma, mgongo wima, umtazame usoni, unyamaze. Yeye ataiona nguo yake begani mwako. Wa kwake mkono, mwachie mwenyewe ajue pa kuupeleka.