Magunia Yasiyopimwa

Jumatatu, 7 Januari 2002

Tena kwenye uwanja wa ndege wa Goma. Tena juu ya kreti ya bia mbele ya biro ya Papa Muhindo. Shati jeupe, pasi ya makala, yale makaa ya moto, viatu nimevipangusa mara mbili sababu ya vumbi la Ndosho, mtaa wetu. Papa Muhindo ana ndege ndogo ya mizigo, moja tu, inapeleka vyakula Kindu. Anatafuta kopiloti. Mimi ni piloti. Nilirusha ndege Kinshasa kabla vita haijakata inchi vipande viwili. Sasa naomba kazi kama mutu anayeomba moto kwa jirani. Saa sita ametoka, akanipita, akasema: «Rudia kesho, papa.» Kesho hiyo naijua. Nimeichoka.

Jumatano, 9 Januari

Leo ameniingiza ndani. Ameangalia lisansi yangu ya kurusha ndege, anasema ni ya Kinshasa, lazima wakubwa wa hapa waipige muhuri. Nikaenda kwa biro ya hawa waasi wanaotutawala. Shefu akaishika kwa vidole viwili. «Hii karatasi ni ya adui.» Nikamuuliza kama hewa ya huku na hewa ya kule ni tofauti. Sikupaswa kuuliza. Akanionyesha mulango.

Vitali, piloti wa Papa Muhindo, ametoka mbali, huko kwenye theluji. Lisansi yake imeandikwa kwa herufi ambazo hakuna mutu Goma nzima anaweza kuzisoma. Hakuna aliyeiita ya adui. Nimerudi nyumbani nikakataa kula.

Ijumaa, 11 Januari

Muhuri umepigwa. Si kwa maneno yangu. Muke wangu Furaha anaimba korali moja na muke wa shefu. Waliongea baada ya mazoezi, basi. Nimesoma miaka yote ile, na kilichonisaidia ni sauti ya pili ya korali. Nafurahi na nimeudhika, vyote pamoja. Testi ya kurusha ni Alhamisi ijayo, mimi na Vitali.

Alhamisi, 17 Januari

Mulima wa moto umepasuka. Testi hakuna. Ndege iko Kindu na Vitali, haikurudi. Naandika nikiwa Sake, mbali na muji, nje ya kanisa, katikati ya watu, mbuzi na magodoro. Tumekuja kwa miguu. Bado nimevaa shati la piloti. Furaha amebeba sufuria ya maharage jinsi ilivyokuwa motoni. Naogopa. Pia nimekasirika, na naona haya kukasirikia mulima.

Jumapili, 20 Januari

Tumerudi. Nyumba yetu imesimama. Za wengine wengi hapana. Katikati ya muji ni mawe meusi, yanachoma soli za viatu. Nilikwenda kuangalia pisti, ile njia ya kurukia ndege, kabla ya kuangalia ndugu. Lava imeingia upande wa mulima, imekula kipande kikubwa. Iliyobaki ni fupi, na mwisho wake upande wa ziwa ni mabati ya nyumba za watu. Ndege kubwa hazitatua tena. Ndogo, labda. Nikajikuta napiga hesabu kichwani. Watu wanalia, mimi napiga hesabu.

Jumatatu, 11 Februari

Ndege ndogo zimeruhusiwa. Papa Muhindo mwenyewe ametuma mutu nyumbani: testi ni keshokutwa. Furaha alicheka mpaka akakaa chini. Ameshaambia korali yote kwamba yeye sasa ni muke wa piloti. Nilimuambia angoje kwanza. Nani anangoja.

Jumatano, 13 Februari

Niandike yote kabla sijalala.

Kwa ndege za hapa kuna desturi. Mizigo ya wafanyabiashara inapimwa kwa baskili, ile mizani kubwa. Halafu kuna magunia ya nyumba, ya watu wenyewe kuuza Kindu. Kila anayeigusa ndege ana yake: fundi, wapakizi, mulinzi wa geti, mpaka muke wa piloti. Hayo hayapimwi. Ni haki ya mutu, hakuna anayeuliza. Zamani pisti ilikuwa ndefu, ikavumilia.

Nikasema leo yote yapite kwa baskili. Wakacheka. Nikasema basi yashuke. Wakaacha kucheka. Vitali akageuka kuangalia ziwa. Nikaingia ndani ya ndege kuanza kuyashusha mwenyewe, na pale nyuma ya mulango nikaona magunia mawili ya viazi yameandikwa jina langu kwa makala. Ya Furaha. Aliyatuma asubuhi kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili. Mwenye chukudu alinipungia mukono njiani, nami nikadhani ananipongeza.

Nikaanza na hayo. Nimeyashusha mgongoni kwangu, mbele ya wote, shati likachafuka. Baada ya hapo wapakizi wakafuata. Yakashuka yote, kwa minong'ono.

Tukaruka. Ilipanda vizuri, na hata hivyo mabati yalipita karibu sana chini ya magurudumu. Niliona nguo zimeanikwa. Vitali akanigusa bega, akasema kwa Kifaransa: «Bien,» vizuri. Ndilo neno pekee safari nzima.

Ijumaa, 15 Februari

Papa Muhindo amenikalisha kwa kiti, mara ya kwanza. Nikajua hapa hakuna kitu. «Kurusha unajua, papa. Vitali amesema. Lakini wapakizi banakataa. Banasema wewe ukiwa ndani, habapakii mizigo. Mi nitafanya nini na batu bote hawa? Tutakuita.» Nikamuuliza kama ameenda kuiona pisti kwa macho yake. Akasema pisti si yake.

Nyumbani Furaha amekataa kuyafungua magunia. Viazi vimekaa mulangoni, tunaviruka tukiingia. Jioni akasema: «Magunia mawili tu, papa.» Nikamuambia kila mutu pale ana mawili tu. Akaingia kulala.

Jumanne, 26 Februari

Najichukia leo. Nilikwenda kumuambia Papa Muhindo kwamba nitafunga macho. Njia nzima nilikuwa najifundisha namna ya kulisema. Magunia ya nyumba yaingie, ya nani na nani, sitaona kitu. Nikamukuta na kijana mugeni anatia sahihi. Kopiloti mupya, wa inchi moja na Vitali, lisansi ya herufi zile zile. Papa Muhindo akaniuliza nimeleta habari gani. Nikasema nilipita tu kusalimia.

Jumamosi, 2 Machi

Ndege ya Kindu inaondoka kila asubuhi sasa. Leo Furaha alikuwa uani anamenya viazi. Injini zikaanza kuvuma huko uwanjani. Akaacha kumenya. Nikaweka kikombe chini. Hatukuangaliana. Sauti ikapanda, ikakaa pale pale, ikazidi kukaa, kisha ikabadilika kuwa ile ya hewani. Ndege ikaonekana juu ya ziwa, imeyavuka mabati, chini kuliko inavyopaswa.

«Imepita,» Furaha akasema.

Nikasema ndiyo. Nilitamani kiti kile cha kopiloti hata wakati huo. Akaendelea kumenya. Nikachukua kisu kingine, nikakaa karibu naye.