Kazi ya Kusukuma Hewa

Chumba cha juu, nyuma ya maabara
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nasikia limekukorofisha tena, na wewe kwa ubishi wako bado unachuchumaa kuziba pancha. Mimi ni mzima, sema furaha hainiachi nitulie.

Nimethibitishwa kazini, Mjomba! Ila nusura nimwage unga.

Mkuu wa maabara alitaka tupime joto linalotoka zinki inapoliwa na asidi. Mwenzangu alipimia kwenye chombo cha chuma kilichofungwa kabisa. Mimi nilitumia chupa yenye bomba la sindano, gesi ikitoka inaisukuma pistoni nje. Joto langu likawa pungufu kidogo. Mkuu akasema nimezembea, nirekebishe daftari lifanane na la mwenzangu kabla ya Ijumaa, la sivyo nifungashe virago.

Nikufiche nini? Nilishika kalamu, nikakata tarakimu ya kwanza. Mkono ukagoma.

Nikarudia kupima mara tatu. Pungufu ni lilelile, kilojuli mbili na nusu kwa kila moli ya zinki. Uzembe gani una nidhamu hivyo? Nikaitazama pistoni ikipanda, nikakukumbuka unavyohema juu ya pampu: "Kusukuma hewa nako ni kazi, Maswali, usinicheke!"

Nilipiga kelele peke yangu! Kwa mwenzangu hakuna kilichosogea, kwa hiyo nishati ya ndani iliyopungua yote ilitoka kama joto. Kwangu, gesi ilibidi isukume hewa ya nje kwanza. Sehemu ya nishati ikaenda kwenye kazi hiyo, iliyobaki ndiyo ikawa joto nililopima, na joto hilo, linalopimwa kanieneo ya hewa ikiwa ileile, ndilo huitwa badiliko la enthalpia. Tofauti ya vipimo vyetu ni ile kazi ya kusukuma. Nikaikokotoa, ikaja palepale. Kama kusingekuwa na gesi, tungekaribia kulingana.

Ijumaa nilimpelekea Mkuu hesabu hiyo, akaisoma mstari kwa mstari. Kisha akaandika kwa wino mwekundu kwamba vipimo vyote viwili ni sahihi, na kwamba kosa lilikuwa lake. Akauliza ni mwalimu gani aliyenifundisha.

Nikamjibu kwamba ni fundi baiskeli.

Nisalimie Bibi, na binamu yangu Mcheka-Ovyo. Mungu alitunze goti lako na mikono yako.

Ile pampu kuukuu usimpe mtu. Nakuja kuichukua.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye siku zote,
Maswali