Jina la Dadako Halikutajwa

Mkomani, Amu
13 Machi 1954

Mpendwa mjukuu wangu Kamaludin,

Umetutia aibu. Salamu nitakupa, maana sikulelewa ovyo, lakini hilo ulijue kwanza. Assalaam alaykum. Hali yako huko Mombasa? Na mkeo Saadiya? Mimi magoti yananisumbua, na tangu mama yako atutoke chakula hakina ladha. Alhamdulillah, nakula.

Ile nyumba ya kuoshea maiti, aliyoiweka wakfu mama yangu kwa wanawake wasio na mtu, unaijua. Kati ya wasimamizi mwanamke alikuwa mama yako peke yake, na ufunguo ulikaa kwake. Mwanamke akifa, usiku au mtana, waosha walijua mlango wa kubisha.

Ijumaa ya tarehe 5 wanaume walikaa msikitini kuchagua wa kushika nafasi yake. Mui mzima wajua ni dadako Hadia, aliyekuwa akiosha na mama yenu tangu afiwe na mume. Lakini nani atamtaja mwanamke wa watu mbele ya wanaume? Bwana Khatib akakohoa. Wengine wakatazama mkeka. Wote walimngoja wa kwao amtaje, na wa kwao ni wewe, nawe ulituletea habari kwamba una kazi nyingi bandarini. Wakamchagua Bwana Mselem, wakaenda zao kula wali. Ati heshima!

Mselem si mtu mbaya. Lakini Jumatano alivuka kwenda Manda, ufunguo mfukoni, na asubuhi hiyo akafa Tima, yule mchota maji aliyekubeba mgongoni ulipougua surua. Waosha wakanijia wanalia. Nikawaambia waache kulia, watafute ubao mwingine wa kuoshea. Ubao haukupatikana. Tukang'oa mlango wa jikoni mwangu, tukamwoshea hapo, sanda nikamkatia shuka yangu. Alikaa hadi alasiri, mwanangu, naye alikuwa maiti wa kuzikwa kabla ya adhuhuri.

Bi Umi, mmoja wa waosha, akimmiminia maji, akaniuliza, "Na mimi je, nikifa Mselem yuko safarini?"

Mimi bibi yako nikamwambia amimine maji.

Mselem aliporudi alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni machozi yanamtoka. "Bi Hindu, mimi sikuutaka ufunguo huu. Nitajieni mtu nimpe."

"Mtu wamjua."

"Namjua, Bi. Lakini si wangu mimi kumtaja."

Sikumkaripia. Nilikuwa nimechoka.

Hadia hajui kama nakuandikia. Analala na leso ya mama yenu usoni. Umi akusalimu. Nisalimie Saadiya, Mungu amjaalie uzazi mwepesi, akuhifadhi na vyuma vya bandarini, amrehemu mama yako.

Ijumaa ya tarehe 26 wanakaa tena, Mselem amewaomba. Usinijibu kwa barua. Shika ndia uje, usimame katikati yao umtaje dadako kwa jina lake, kwa sauti, hata Khatib na masikio yake yale asikie.

Ni mimi bibi yako, nakupenda na nimekasirika,
Hindu