Gin Ndani ya Mtungi wa Baba

Jumapili, alasiri. Hapa Naipingo jua linachoma mpaka kuku wamejificha chini ya uchanja. Naandika kwa dole gumba la kushoto maana mkono wa kulia umevimba kama andazi, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Leo nimempasua kaka yangu kichwa.

Na sijutii. Pengine nitajuta baadaye, lakini kwa sasa nikisikia sauti yake huko uani natamani ile chupa ingekuwa nzito zaidi.

Ngoja nianzie mwanzo. Kuna mama mmoja ana hoteli Ruangwa, ameniambia niende kesho nimchanganyie kinywaji cha gin mbele ya macho yake. Kikimpendeza, nashika kaunta. Tangu nimalize shule maisha yangu ni korosho na ufuta, ufuta na korosho, kazi hii naitaka mpaka naiota. Shida ni kwamba sijawahi kuchanganya kitu zaidi ya uji. Shida nyingine ni baba. Baba hajagusa pombe tangu azaliwe, na mimi nilimwambia naenda kufanya kazi ya hotelini, basi. Habari ya kaunta nikaimeza. Kwetu mtu haondoki kwenda kuanza maisha bila radhi ya baba yake, na baba alisema atanipa leo akirudi shamba.

Asubuhi wote wakaenda kuokota korosho, nikabaki peke yangu. Nikatoa chupa niliyoificha kwenye gunia la muhogo. Nikakamua ndimu, nikachemsha sukari mpaka ikawa shira, nikamimina gin kwa kikombe cha kahawa kama video ya kwenye simu ilivyoonyesha. Nikaonja tone, ukali ukanipanda puani, nikatema na kusukutua. Mimi kunywa sinywi, nataka kuuza tu. Nikaongeza shira, nikaongeza ndimu, nikaongeza tena shira.

Video inasema utikise na barafu. Barafu ya wapi, jamani? Kwetu kitu cha baridi ni mtungi wa maji ya kunywa. Nikatia mchanganyiko wangu kwenye chupa ya soda isiyo na kifuniko, nikaufunga mdomo kwa kipande cha nailoni na mpira, nikaizamisha mtungini. Nikaenda kufua, naimba, najiona mtu wa maana.

Niliporudi baba alikuwa amesimama mbele ya mtungi, jasho linamtiririka, kata mdomoni.

Akashusha pumzi. Akasema, "Leo maji matamu. Umetia ndimu, Zuhura? Ahsante, mwanangu." Akachota tena.

Nikachungulia mtungini. Kipande cha nailoni kilikuwa kinaelea.

Hapa ndipo naandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Kata ile ya pili ilikuwa bado haijafika mdomoni. Ningeweza kupiga kelele, ningeweza hata kuipiga kofi ikadondoka. Mdomo ulifunguka, sauti nikaizuia mwenyewe. Niliwaza kaunta. Niliwaza, mtungi ulikuwa na maji kidogo lakini labda hatagundua, atanipa radhi yangu, yatapita. Akanywa mpaka tone la mwisho, akajipangusa ndevu.

Akaja kaka Athumani, naye ana kiu. Alipoinusa tu ile kata akaitupa chini. "Baba, hii pombe!"

Baba alitumbukiza vidole kooni. Alitapika pale pale mlangoni, akapiga magoti, akatapika tena mpaka ikawa inatoka nyongo. Mama, ndiyo kwanza anafika kutoka shamba, akapiga ukunga. Athumani akanishika nywele, akanizaba kofi moja nikaona giza, jingine nikaanguka juu ya majivu. Huku ananipiga ananiuliza pombe imetoka wapi, na mimi nikayatapika yote, hoteli, kaunta, gin, kila kitu.

Halafu hasira zikanipanda. Nikamuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "Na wewe umeijuaje kwa harufu?"

Maana kijiji kizima kinajua Athumani anakunywa nipa, ile gongo ya mabibo. Kijiji kizima isipokuwa baba.

Ndipo akanikanyaga mkono. Na buti la shamba, makusudi, anausaga kama anazima kipande cha sigara. "Mkono huu ndio utakaowamiminia walevi?" Nikamng'ata mguu mpaka nikasikia chumvi ya damu. Akaruka, nikaparamia gunia, nikaitoa chupa ya gin iliyobaki na nikampiga nayo kichwani kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Ikapasuka. Damu na gin vikamwingia machoni, akalia kama beberu. Nilikuwa nimebaki na shingo ya chupa mkononi na nilikuwa namfuata. Wallahi nilikuwa namfuata.

Baba aliuinua ule mtungi na kuubamiza chini katikati yetu. Maji na vigae vikaturukia miguuni.

Mama alimfunga Athumani kichwa kwa kanga yake, anatulaani sote wawili kwa Kimwera. Baba akaenda kuoga, akasali, akakaa sana kwenye mkeka. Kisha akaniita ndani.

Nilijua ananifukuza. Nilikuwa tayari kwa hilo, hata maneno ya kumjibu nilikuwa nayo.

Akasema, "Hiyo kazi siipendi na sitaipenda. Lakini wewe si mbuzi, siwezi kukufunga kamba. Mimi nimekunywa bila kujua, na wewe hukujua kama imemwagika. Asiyejua hana kosa. Nenda, mwanangu. Radhi nimekupa." Akaniwekea mkono kichwani. Hata baada ya kusukutua, mdomo wake ulikuwa bado unanuka matapishi.

Nikasema ahsante, baba. Basi, sikusema kingine.

Nimepata nilichokuwa nakitaka na kinaniuma. Makofi ya Athumani hayaniumi hivi. Mkono huu hauniumi hivi. Mzee wa watu amenisamehe kosa ambalo silo, na lile lenyewe nimelikalia kimya.

Gari ya Ruangwa inapita alfajiri. Kabla sijatoka nitapiga magoti pale kwenye mkeka wake nimwambie kata ya pili niliiona na nikaiacha ipite. Akitaka radhi yake nitamrudishia. Akitaka kunipiga, Athumani nilimrudishia, baba simrudishii. Nitainamisha kichwa.