Karatasi ya Harith Ukutani

Kilburn, London
14 Novemba 1971

Mpendwa mdogo wangu Zeyana,

Salamu nyingi zikufikie hapo Malindi, wewe na watoto. Kifua kinaendeleaje? Usioge maji ya baridi asubuhi, nimeshakwambia. Mimi na binti yangu Raya wazima wa mwili, alhamdulillahi, ila baridi imeshaingia.

Zeyana, kaa kitako kwanza ndiyo usome.

Ile karatasi iliyokuja Mei kutoka Ujerumani, niliyokwambia ni shahada ya mwanangu Harith, si shahada. Niliona mihuri miwili na jina lake limepigwa chapa, nikafurahi. Nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni, nikapika halua. Jirani yetu Mama Surjit akaja na ladu zake, vile vitamu vya Kihindi. Na wewe ukaniandikia umegawa sharbati mtaa mzima.

Juzi alikuja Mahmood, kijana wa Mombasa aliyesoma hukohuko. Nikamwambia, "Nisomee, mwanangu, nisikie anavyosifiwa." Akasimama mbele ya ukuta, akaisoma mpaka chini, akairudia. Kisha akaniuliza, "Mama, hii umeshasomewa na mtu?" Nikajua.

Akanieleza kuwa Wajerumani wakiandika ya serikali humtwika mtu kwanza yote aliyotendwa na yaliyomfika, ndipo wamtaje. Akanisomea vivyo hivyo, polepole: aliyeletwa na serikali yake, aliyelazwa hospitali tarehe tatu Aprili kwa ugonjwa wa mapafu, aliyefariki siku ya sita, aliyezikwa makaburi ya mji, mwanafunzi Harith Seif. Jina nililiona tangu Mei, lakini mpaka anafika pale nilikuwa bado naomba atamke la mwingine.

Miezi saba, Zeyana. Nimemwandikia barua tatu, mbili za kumgombeza kwa kunyamaza.

Raya ameiteremsha fremu. Msumari upo, hakuna aliyethubutu kuung'oa.

Sijui kama alioshwa, sijui nani alimsalia. Mahmood ameahidi kuandika kuuliza kaburi. Nakuomba usomeshe hitima hapo nyumbani Ijumaa, hapa sina watu. Waite wale wale uliowapa sharbati. Usione haya, kosa ni langu.

Nisalimie Ami Khalfan, umwambie taratibu, na Bi Shariffa. Mungu akukuzie wanao mbele ya macho yako.

Na huyo maalim atakayesoma hitima mwambie aanze na jina lake, Harith bin Seif. Mengine yafuate.

Dada yako akupendaye,
Thuwaiba